Karatasi ya Waridi

Muuguzi Loretta ameitandaza mezani
kati ya bakuli la vitunguu na miwani ya baba.
Rangi ya waridi, kali kama peremende,
ili wazima-moto wa kujitolea wakiingia usiku
wasihangaike kuitafuta.
"Itakaa kwenye mlango wa friji," anasema.
Baba anaitazama friji
kana kwamba ndiyo kwanza imeletwa.

Nje, theluji ya Jordan Valley imeufuta uzio.
Moyo wake, kasema daktari, ni pampu iliyochakaa,
naye akamjibu: "Pampu nilizotengeneza mimi
zilinisikiliza."

Sehemu ya kwanza.
Mapigo yakikoma, pumzi ikikatika,
tukusukume kifua, au tukuache?
Ni mimi niliyesoma, Maite, bintiye,
niliyeendesha gari kutoka Boise
nikiyafanyia maneno haya mazoezi njia nzima,
na bado sauti ikapasuka kwenye "tukuache."

Hakunitazama. Alikitazama kiti cha mama.
Mama walimsukuma, sakafu hii hii.
Mbavu zililia "kama kuni kavu,"
alituambia mara moja tu, hakurudia.
Akaishi siku nne zaidi
bila kumtambua yeyote kati yetu.

"La," akasema baba. Loretta akatia alama.
Kalamu ikakwaruza kidogo, basi.
Nilidhani neno hilo lingetikisa nyumba.

Sehemu ya pili: hospitali na mashine zake,
au nafuu tu, hapa hapa?
"Hapa. Lakini nikivunjika mguu, nipelekeni.
Sitaki kufa kwa ujinga."
"Kuna nafasi ya kuandika hilo," akasema Loretta,
akaliandika, ila si kwa maneno yale.

Sehemu ya tatu: chakula kwa mrija.
Hapa jibu lake nilikuwa nalo tayari mdomoni.
"Subiri," akasema,
na viganja vikajikunja
kama vilivyoshika kitu chenye joto.
"Mwaka ule wa barafu mbaya, mwezi Machi,
nililisha wanakondoo yatima kwa mrija. Ishirini na mmoja.
Unapima kwanza, kutoka mdomoni hadi ubavu wa mwisho,
usije ukajaza mapafu maziwa.
Wengi walikufa. Siku ya pili, ya tano.
Mmoja, siku ya tisa, alisimama
akanikojolea buti."

Friji ikanguruma, ikanyamaza.

"Andika siku tisa."

"Aita," nikamwambia, "wewe si mwanakondoo."
"Ndiyo maana naomba uandike.
Na ya kumi, uondoe. Usingoje Jumapili.
Usingoje padri apate nafasi."

Mahali pa sahihi palikuwa padogo.
Mtu huyu, kijana, peke yake milimani
na kondoo elfu mbili
na mbwa aliyejua Kibaski kuliko bosi alivyokijua,
alichora jina lake kwenye magome meupe ya aspeni
kwa ncha ya kisu, mstari mwembamba kama unywele.
"Hukati sana," alinifundisha.
"Mti wenyewe ndio unaoandika."
Miaka ikapita, kovu likanenepa, likawa jeusi,
hata mpanda farasi akaweza kulisoma
bila kushuka.

Sasa mkono unatetemeka.
E ya Eusebio ikatoka nje ya kisanduku,
ikaikanyaga tarehe. Loretta akasema inatosha.

Akainuka mwenyewe, akakataa mkono wangu.
Akabandua sumaku yenye umbo la kiazi,
akaiweka chini risiti ya daktari wa mifugo,
akaitundika karatasi, upande mmoja umepanda.
Nilitaka kuinyoosha.

Kisha akafungua mlango, waridi likapepea,
akatoa maziwa,
akayanusa kwanza.